Bawasiri: Pesa Yako Ianzie Wapi?

Watu wawili jijini Dar es Salaam wanaweza kuwa na bawasiri ya kiwango kilekile. Mmoja akaimaliza kwa kumwona daktari mara moja, kununua beseni, na kubadilisha chakula. Mwingine akatoa laki baada ya laki kwa dozi za mtandaoni, krimu na vidonge, na mwaka ukaisha damu bado inatoka. Mara nyingi kinachowatenganisha ni mpangilio: nani alianza na nini, na nani alikubali kutazamwa mapema.

Bawasiri ni ugonjwa wa watu wengi, na aibu yake ni ghali. Mtu anayeona haya kuuliza hawezi kulinganisha. Ananunua cha kwanza alichoambiwa. Hapa tunalinganisha njia za kujikinga na kujitibu kwa kuangalia mambo manne: bei, kazi halisi inayofanywa na tiba, siku za kazi utakazokosa, na uwezekano wa tatizo kurudi. Kwa kuwa bei hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, mkoa na mkoa, tumezipanga kwa madaraja: maelfu, makumi elfu, malaki na milioni. Ukishajua daraja lako, bei kamili utaiuliza dirishani, na maswali ya kuuliza yapo mwishoni.

Jua kwanza unachotibu

Kila binadamu, mzima au mgonjwa, ana vimito vya nyama laini na mishipa ya damu mwishoni mwa utumbo mpana. Vinasaidia kuziba njia ili choo na hewa visitoke ovyo. Vikivimba na kulegea, vikaanza kutoa damu au kushuka, hapo ndipo tunasema mtu ana bawasiri. Kwa hiyo hakuna mdudu wa kuua wala sumu ya kutoa mwilini, na tangazo lolote linaloahidi "kusafisha mzizi wa bawasiri kwenye damu" limeanza kwa uongo.

Bawasiri ya ndani hukaa sehemu isiyo na mishipa ya fahamu ya maumivu. Ndiyo maana dalili yake kubwa ni damu nyekundu ya kung'aa inayodondoka au kubaki kwenye karatasi, bila kuuma. Madaktari huigawa katika viwango vinne. Cha kwanza kinatoa damu tu, hakitoki nje. Cha pili kinatoka wakati wa kujikamua na kurudi chenyewe. Cha tatu kinatoka na kinahitaji kusukumwa kwa kidole ili kirudi. Cha nne kimekaa nje na hakirudi.

Bawasiri ya nje iko kwenye ngozi inayouma sana. Damu ikiganda ndani yake, linatokea ghafla jivimbe gumu la rangi ya zambarau, na mtu hawezi kukaa wala kulala chali.

Ukijua aina na kiwango, nusu ya uamuzi wa matumizi umeshafanyika. Kiwango cha kwanza hakihitaji upasuaji wa milioni, na kiwango cha nne hakitapona kwa krimu hata ukinunua katoni nzima.

Shilingi ya kwanza: uchunguzi

Katika njia zote tutakazotaja, hakuna inayorudisha thamani kubwa kama kutazamwa na daktari. Gharama ni ada ya kumwona daktari pamoja na kipimo kidogo. Kwenye vituo vya umma jumla hiyo huangukia maelfu au makumi elfu.

Watu wengi wanaogopa uchunguzi wenyewe kwa sababu hawajui unavyofanyika. Unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kuelekea kifuani, na shuka limekufunika. Daktari anatazama nje kwanza. Kisha anavaa glovu, anapaka jeli, na kuingiza kidole kimoja taratibu kupapasa kama kuna uvimbe. Mwisho anaweza kuingiza mrija mfupi wenye mwanga ili aone vimito vya ndani, kwa sababu bawasiri ya ndani ni laini na kidole peke yake hakiitambui vizuri. Yote huchukua dakika chache. Ukitaka daktari wa jinsia yako, au muuguzi awepo chumbani, omba. Ni haki yako na wahudumu wamezoea ombi hilo.

Uchunguzi unakuokoa na matumizi ya bure kwa sababu damu chooni ina vyanzo vingi. Mpasuko wa ngozi hutoa damu kidogo na maumivu makali kama ya kukatwa na wembe, na tiba yake ni nyingine. Amiba na kuhara damu huja na makamasi na tumbo kusokota. Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo ni sababu ya kweli ya damu kwenye choo, na kinatibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli ambavyo havihusiani kabisa na bawasiri. Kisha kuna vinyama vya ndani ya utumbo na saratani ya utumbo mpana.

Bawasiri haigeuki kuwa saratani. Hatari ni kwamba mtu mwenye saratani anajiambia ni bawasiri, anapaka krimu mwaka mzima, na anafika hospitali ya saratani ya Ocean Road au hospitali ya rufaa akiwa amechelewa. Usikae na dalili hizi nyumbani: damu iliyochanganyika na choo au yenye rangi nyeusi, kupungua uzito bila sababu, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, upungufu wa damu, maumivu ya tumbo yasiyoisha, au ndugu wa damu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo. Na kama umevuka miaka arobaini na mitano na damu ndiyo kwanza inaanza kutoka, muulize daktari moja kwa moja kama unahitaji kipimo cha kamera ya utumbo. Kipimo hicho ni cha malaki, lakini kwa mwenye dalili hizi ndicho cha kununua kabla ya dawa yoyote.

Daraja la maelfu: jikoni na chooni

Ukishajua kwamba ni bawasiri na iko kiwango cha kwanza au cha pili, tiba yenye ushahidi mzuri kwa bei ndogo ni nyuzinyuzi za chakula. Mwaka 2005 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio saba yaliyohusisha wagonjwa 378. Waliopewa nyuzinyuzi walipunguza uwezekano wa kuendelea kutoka damu kwa takriban nusu ukilinganisha na wale ambao hawakupewa. Dawa nyingi za famasi zenye bei kubwa hazina matokeo ya kushinda hayo.

Afrika Mashariki ina mchango wake katika habari hii. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 kwa karibu miongo miwili. Baadaye, akiwa Uingereza, alisimama kidete kueleza kwamba watu wa vijijini aliowahudumia hawakuugua sana bawasiri na magonjwa mengine ya utumbo kwa sababu walikula vyakula visivyokobolewa, na mwaka 1979 akatoa kitabu cha kuwahimiza watu wa kawaida wasisahau nyuzinyuzi. Si kila alichodhani kimethibitishwa, lakini ushauri wake wa chakula umesimama. Inasikitisha kwamba vyakula alivyovisifu ndivyo tunavyoviacha tukishapata pesa kidogo: dona tunaibadilisha na sembe nyeupe, kunde na choroko tunaziita chakula cha shida, na asubuhi tunakula chapati na chai ya maziwa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula. Maharage yaliyopikwa yana takriban gramu 6 katika kila gramu 100. Mbaazi na kunde zimekaribia hapohapo, na choroko na dengu huzidi kidogo, gramu 7 hadi 8. Parachichi lina gramu 6 hadi 7, mapera yana zaidi ya 5, viazi vitamu vya kuchemsha karibu 3. Papai, linalosifiwa kuliko yote, lina chini ya 2. Faida yake nyingine ni maji yaliyomo. Wali mweupe hauna hata gramu 1.

Tuseme asubuhi umekula viazi vitamu gramu 200, mchana sahani ya maharage gramu 200, na jioni nusu parachichi kubwa na mapera mawili madogo. Umefika kama gramu 28, kwa vyakula vya gengeni. Mchana huohuo jirani yako amekula wali mweupe gramu 200 na kipande cha nyama, na mlo huo umempa chini ya gramu 1. Tofauti ya bei kati ya sahani hizi mara nyingi inamfaidisha mla maharage.

Ongeza taratibu, kwa wiki mbili au tatu, la sivyo tumbo litajaa gesi na utakata tamaa. Kunywa maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukaza choo zaidi. Wasioweza kula kunde na maharage kila siku wanaweza kununua maganda ya isabgol, yanayopatikana kwenye maduka ya vyakula vya Kihindi kuanzia Kisutu hadi Mombasa, na kwenye famasi. Koroga kijiko kwenye glasi kubwa ya maji, unywe hapohapo kabla hayajaganda, kisha ongeza glasi nyingine. Pakiti yake iko kwenye maelfu hadi makumi elfu na inadumu kwa muda, hivyo gharama ya siku moja ni ndogo.

Tabia za chooni hazigharimu kitu. Nenda haja inapokuja. Usiibane mpaka umalize kazi. Usijikamue. Usikae zaidi ya dakika tano, na simu ibaki nje. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2025 kwa watu 125 waliokuja kupimwa utumbo kwa kamera ulionyesha kuwa waliotumia simu chooni walikuwa na uwezekano wa asilimia 46 zaidi wa kukutwa na bawasiri. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba simu ndiyo chanzo, ila inaeleweka kwamba kukaa muda mrefu huku sehemu ile imening'inia kunajaza damu kwenye mishipa. Choo cha kuchuchumaa kina faida ya kunyoosha njia ya utumbo. Mwenye choo cha kukalia anaweza kuweka kigoda kifupi chini ya miguu akapata karibu matokeo yaleyale.

Kwa maumivu na muwasho, beseni ni rafiki mkubwa. Weka maji ya uvuguvugu ambayo kiwiko chako kinayavumilia, ukalie dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na baada ya kwenda haja. Maji matupu yanatosha. Dawa za kuua vijidudu, sabuni kali na siki huchubua ngozi ambayo tayari imeumia. Baada ya hapo jikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini, usisugue.

Mama mjamzito anahitaji neno lake. Bawasiri hushamiri miezi mitatu ya mwisho na baada ya kujifungua, na vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki huweza kufanya choo kigumu. Usiviache, kwa sababu upungufu wa damu ni hatari kubwa kuliko choo kigumu. Mwambie muuguzi, ongeza nyuzinyuzi na maji, tumia beseni. Kwa wengi hali hupungua wiki chache baada ya kujifungua, hivyo usikimbilie matibabu makubwa mapema.

Daraja la makumi elfu: famasi

Simama kidogo kwenye famasi yoyote ya Kariakoo utamwona mteja huyu. Anaingia, anajifanya anaangalia dawa za meno mpaka wenzake waondoke, kisha anainamia kaunta.

"Samahani dada, nina shida kidogo ya kule nyuma. Una ile dawa ya bawasiri?"

"Ipo kaka. Ya kupaka au ya kuweka?"

"Yoyote ile, mradi iwe kali."

Analipa, anatia mfukoni, anatoka. Mfamasia mzuri angemuuliza mambo matatu kabla ya kuchukua pesa: inauma au inatoa damu tu, imeanza lini, na kuna daktari aliyeitazama? Usipoulizwa, jieleze mwenyewe, kwa sababu majibu hayo ndiyo yanayoamua kama unahitaji tyubu au unahitaji hospitali.

Krimu na vidonge vya kuweka, yaani vya kuingiza njia ya haja kubwa, hutuliza. Hazirudishi kimito kilichoshuka wala haziponyi kiwango cha tatu. Krimu inafaa zaidi bawasiri ya nje na muwasho, vidonge vya kuweka bawasiri ya ndani. Soma kilichoandikwa kwenye boksi. Ikiwa kuna lidokeini au dawa nyingine ya ganzi, inapunguza maumivu kwa muda. Ikiwa kuna haidrokotizoni au steroidi yoyote, usizidishe siku saba bila daktari, kwa kuwa huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuzidisha muwasho. Linganisha pia kwa viambato: tyubu ya bei nafuu yenye viambato vilevile na uzito uleule haina sababu ya kudharauliwa, mradi imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na tarehe yake haijapita.

Vidonge vya diosmini na hesperidini, vinavyouzwa kwa majina kama Daflon, hupunguza damu na muwasho kwa baadhi ya watu. Hapa hesabu inahitajika kabla ya kutoa pesa. Kwa bawasiri iliyowaka, dozi ya kawaida ya vidonge vya miligramu 500 ni vidonge sita kwa siku kwa siku nne, kisha vinne kwa siku kwa siku tatu. Hiyo ni vidonge 36. Anayenunua karatasi moja ya vidonge kumi, akameza viwili viwili na kulalamika kwamba havifanyi kazi, ametupa pesa. Ama nunua dozi kamili kwa ushauri wa daktari, ama weka pesa hiyo kwenye isabgol.

Dawa za kulainisha choo kama laktulosi zina nafasi yake pale chakula kilipochelewa kufanya kazi. Kwa maumivu, parasetamo ni salama kwa wengi. Dawa zenye kodeini, na tramadoli pia, hufunga choo na kukurudisha ulikotoka, na diklofenaki au aspirini huweza kuongeza kutoka damu.

Kanuni rahisi ya daraja hili ni wiki moja. Ukitumia dawa ya famasi siku saba bila nafuu, tyubu ya pili ni hasara. Nenda ukatazamwe.

Daraja la malaki: mpira na sindano

Kwa kiwango cha kwanza kilichokataa chakula, cha pili, na baadhi ya cha tatu, kuna njia ambayo watu wengi nchini hawajawahi kuisikia: kufunga kimito kwa mpira. Ilienea duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na bado ni nguzo ya tiba.

Inafanyika ukiwa macho. Daktari anaweka mrija uleule wa uchunguzi, anakivuta kimito kwa kifaa maalumu, na kukivisha pete ndogo ya mpira shingoni. Kwa kuwa pale hakuna mishipa ya fahamu ya maumivu, unahisi kubanwa na hamu ya kwenda haja, na mara nyingi hakuna ganzi inayohitajika. Ukisikia maumivu makali papo hapo, sema. Pete imekaa chini mno na huondolewa. Kimito kinakosa damu, kinanyauka, na kudondoka na pete yake ndani ya siku 5 hadi 10, pengine bila wewe kuona. Damu kidogo siku hiyo ni kawaida. Homa, maumivu yanayozidi au kushindwa kukojoa si kawaida. Rudi hospitali siku hiyohiyo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari mapema.

Udhaifu wa mpira ni kurudia. Katika jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2016, lenye wagonjwa 372, dalili zilirudi ndani ya mwaka mmoja kwa asilimia 49 ya waliofungwa mpira, dhidi ya asilimia 30 ya waliofanyiwa njia ghali zaidi ya kufunga mishipa ya damu chini ya nusu kaputi. Lakini kufunga mara ya pili kulipohesabiwa kuwa sehemu ya tiba, tofauti ilipungua sana, na watafiti wakaona njia ile ghali haikustahili bei yake kama chaguo la kwanza. Kwa hiyo unapouliza bei ya mpira, uliza bei ya mara mbili. Hata hivyo kwa kawaida itabaki chini ya upasuaji.

Sindano ya kukausha vimito ni nafuu na ya haraka, hasa kwa kiwango cha kwanza na cha pili chenye damu. Kwa watu wengi matokeo yake hudumu kwa muda mfupi kuliko ya mpira. Inafaa pale mpira haupatikani au mgonjwa hatakiwi kufungwa. Ifanywe na daktari hospitalini, kwa dawa inayojulikana.

Upasuaji: malaki hadi milioni

Kwa kiwango cha nne, na cha tatu kikubwa, upasuaji wa kukata ndiyo tiba ya kudumu kuliko zote. Njia inayotumika zaidi imebeba majina ya Milligan na Morgan wa hospitali ya St Mark's, London, walioieleza mwaka 1937. Bei yake hospitali ya umma kwa kawaida ni malaki. Hospitali binafsi inaweza kuvuka milioni, ukijumlisha chumba, daktari wa usingizi na vipimo.

Kuna pia upasuaji wa mashine ya kubana, ambao maumivu yake siku za mwanzo ni machache kuliko ya kukatwa na huuzwa kama wa kisasa. Jaribio la Uingereza la mwaka 2016 lenye wagonjwa 777 lililinganisha njia hizi mbili kwa miaka miwili. Upasuaji wa kawaida ulishinda: dalili zilirudi kwa watu wachache zaidi, maisha ya wagonjwa yalikuwa bora, na gharama ilikuwa ndogo. Ukiambiwa ulipe zaidi kwa sababu ya mashine, uliza faida unayoinunua ni ipi.

Bei ambayo haipo kwenye risiti ni maumivu na siku. Baada ya kukatwa, wengi huhitaji wiki mbili hadi nne kabla ya kurudi kazini sawasawa. Tuseme dereva wa bodaboda anabaki na shilingi 25,000 kwa siku. Wiki tatu nyumbani ni shilingi 525,000 ambazo hazikuingia. Kwenye mpira akipoteza siku mbili, mara mbili, ni shilingi 100,000. Hesabu hiyo isimzuie mwenye kiwango cha nne kukatwa; imsaidie kuweka akiba kabla ya tarehe. Na imshtue mwenye kiwango cha pili anayesubiri mpaka kifike cha nne.

Jivimbe la ghafla la bawasiri ya nje lina saa yake. Ndani ya saa 72 daktari anaweza kulitoa kwa ganzi ya kawaida na nafuu ikaja haraka. Baada ya hapo mara nyingi maumivu yameanza kupungua yenyewe, na beseni, parasetamo na choo laini vinatosha kwa wiki moja au mbili. Ukichelewa hujakosa tiba. Umeokoa gharama ya kukatwa kusikohitajika.

Dozi za mtandaoni na tiba asili

Matangazo ya bawasiri huuza hofu tatu: kwamba itakuulia nguvu za kiume, itageuka saratani, na upasuaji utakuharibu. Bawasiri haileti upungufu wa nguvu za kiume. Kuhusu saratani tumeshasema. Na upasuaji ukifanywa na mpasuaji mwenye ujuzi, madhara makubwa ni nadra.

Tiba asili ina wahudumu waliosajiliwa chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002. Muulize mhudumu cheti chake, na dawa namba yake ya usajili. Unga usio na jina la viambato, unaotolewa kwa chupa ya maji, usiununue kwa bei yoyote. Baadhi ya dozi zinazoonekana kufanya kazi ni majani ya kuharisha. Choo kinalainika kwa muda tu.

Kikubwa zaidi, usiruhusu mtu yeyote akuunguze, akupake kitu kinachochoma, au akukate bawasiri nyumbani. Ngozi ile ikiungua hupona kwa kovu linalobana njia, na mtu anabaki na tatizo la kwenda haja maisha yote. Hiyo ndiyo tiba ya bei nafuu inayoishia kuwa ghali kuliko zote.

Maswali ya dirishani

Kabla ya kulipa hospitali yoyote, uliza haya: Bei hii inajumuisha ada ya daktari, ganzi, kitanda, dawa za kwenda nazo na kurudi kuangaliwa? Kama mpira ukihitajika tena, nalipa kiasi gani? Nitakosa kazi siku ngapi? Daktari anayefanya amefanya mara nyingi? Kama una bima, uliza kama huduma hiyo imo kwenye kifurushi chako na kama inahitaji kibali kabla. Nchini Kenya, ambako mamlaka ya bima ya afya ya SHA ilichukua nafasi ya mfuko wa NHIF Oktoba 2024, hakikisha usajili wako umekamilika kabla ya siku ya upasuaji.

Uamuzi wetu

Damu kidogo, hakuna kinachotoka: tazamwa mara moja, kisha nyuzinyuzi na beseni kwa wiki sita. Usinunue kingine.

Kinatoka na kurudi chenyewe: fanya hayohayo, na kama damu inaendelea, ulizia mpira. Ikibidi kusafiri hadi hospitali ya mkoa au ya rufaa, nauli hiyo ina faida kuliko tyubu ya nne.

Kinahitaji kusukumwa: mwone mpasuaji mwezi huu, uliza kama mpira bado unafaa.

Kimebaki nje: weka akiba, panga upasuaji wa kawaida hospitali ya umma yenye mpasuaji, na anza nyuzinyuzi leo, kwa sababu choo laini ndicho kitakachoamua kidonda kitapona kwa amani au kwa mateso.

Damu yenye dalili za hatari tulizotaja: acha ulinganisho wote, nenda hospitali.

Na asiye na bawasiri anunue kunde na dona, aache simu nje ya choo, na akiona damu siku moja amwambie mtu anayemwamini ndani ya wiki hiyohiyo. Hakuna tiba kati ya zote tulizolinganisha yenye bei ndogo kuliko hiyo.